Uchi: Neno la Kijapani Lililo Jirani na "Kwetu"

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu na wanafunzi, nawasalimu.

Neno nililowaletea leo ni fupi, na naomba mlisikie kwa sikio la Kijapani. Neno lenyewe ni uchi. Maana yake katika Kiswahili tunaijua, hatuna haja ya kukaa hapo. Mjapani akilitamka anataja kinyume chake: mahali uliposetirika, penye paa juu yako na watu wako kando yako.

Kamusi zitawaambia: uchi, nyumba, nyumbani. Mimi nilifundishwa hivyo, na kwa miezi mingi nilidhani nimeshalimaliza neno. Nilikaa Osaka miaka minne nikisoma, katika mji ambao Kiswahili chetu ni somo la chuo kikuu na vijana wa Kijapani wanakichukulia shahada. Huko ndiko nilikogundua kwamba kamusi ilinipa kuta tu.

Kijapani kina neno jingine la nyumba, nalo ni ie. Anayejenga anajenga ie, anayenunua ananunua ie. Herufi ya Kichina inayotumika kuandika ie ina paa juu na nguruwe chini yake, ukumbusho wa zamani sana ambapo mfugo na mtu walikaa chini ya paa moja. Sasa, herufi hiyo hiyo mtu anaweza kuisoma ie au uchi. Lakini uchi ina herufi yake nyingine pia, na hiyo maana yake ni "ndani". Ndiyo sababu nasema mzizi wa neno hili hauko kwenye tofali. Uchi ni ndani, na ndani haiwezi kuwepo pasipo nje. Nje wanaiita soto. Maneno haya mawili Mjapani anayabeba tangu utotoni, na kila anapofungua kinywa anachagua amesimama upande upi.

Niwape mfano ulionipata mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namweleza mwalimu habari za mama yangu, nikamwita okaasan, kama nilivyosikia watoto wakiita. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole: mama yako, ukimtaja mbele yangu, ni haha. Okaasan ni mama yangu mimi. Nikashangaa. Mama yangu anashushwaje neno la heshima na mwanawe mwenyewe? Nilichukua muda kuelewa kwamba hakushushwa. Yeye na mimi tulikuwa ndani, mwalimu alikuwa nje, na wa ndani hajitukuzi mbele ya wa nje. Nikiwa sebuleni na mama yangu peke yetu, okaasan inarudi mahali pake.

Ofisini ndiko jambo hili linapokuwa kali. Tuseme meneja wako anaitwa Tanaka, jina la kawaida kabisa. Asubuhi nzima unamwita kwa cheo chake na unamwinamia. Simu inalia, mteja anauliza, "Tanaka-san yupo?" Wewe unajibu, "Tanaka ametoka kidogo," bila san ya heshima, bila cheo, na kwa kitenzi cha unyenyekevu, kana kwamba unamtaja mdogo wako. Kwa dakika ile kampuni ni uchi na mteja ni soto. Ukimwekea bosi wako heshima mbele ya mteja umekosea adabu. Nakane Chie, mwanaanthropolojia aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Tokyo, aliandika sana juu ya tabia hii: mtu anaita mahali pake pa kazi uchi, na pa mwenzake anapaita otaku, yaani "nyumba yako tukufu". Uchi no kaisha, kampuni yetu. Uchi no ko, mtoto wetu. Mke akisema uchi no hito, "mtu wetu", anamsema mumewe. Na kule Osaka wanawake wengi wakisema uchi peke yake wanamaanisha "mimi". Nafsi ya mtu na nyumba yake zimeingia katika neno moja.

Lakini kilichonishika kuliko yote ni vitenzi vya kutoa. Naomba subira, maana hapa ndipo penye utamu.

Kiswahili kina kupa. Jirani alinipa kitabu. Nilimpa jirani kitabu. Jirani alimpa mdogo wangu kitabu. Kitenzi ni kimoja, viambishi ndivyo vinavyobeba mzigo. Mjapani hana ruhusa hiyo. Kitu kikija kwangu kutoka nje, kitenzi ni kureru. Kikitoka kwangu kwenda nje, ni ageru. Mpaka hapo ni rahisi. Sasa jirani amempa kitabu mdogo wangu wa kike. Mimi sikupata hata ukurasa. Hata hivyo nitasema kureru, kwa sababu kilichoingia kwa mdogo wangu kimeingia kwetu. Nikikosea nikasema ageru, sijamtukana mtu, sarufi ya sentensi haijavunjika, lakini nimemsukuma ndugu yangu nje ya mlango kwa kitenzi. Anayenisikiliza atajiuliza hawa wana ugomvi gani. Sijui lugha nyingine niliyojifunza inayomlazimisha msemaji aseme, katikati ya habari ya kitabu tu, nani ni wake na nani si wake.

Kwa hiyo wanafunzi wa tafsiri, mkikutana na uchi, msikimbilie "nyumba". Jaribuni kwetu kwanza. "Uchi ni kuru?" Utakuja kwetu? "Uchi wa soba o tabenai." Kwetu hatuli soba, tambi za Kijapani. Kwetu yetu pia haina kuta. Mtu anayeishi peke yake chumba cha kupanga Kariakoo anasema "kwetu" bila kuhesabu watu waliomo. Tofauti ipo, na msiifiche. Ukimuuliza Mswahili kwao ni wapi, mara nyingi atakutajia kisiwa au kijiji, mahali walipozikwa babu zake, na jibu hilo halibadiliki akihamia mji mwingine. Uchi inahama. Asubuhi ni familia, saa nne ni idara yako dhidi ya idara ya pili, mchana ni kampuni nzima, na ukiwa ng'ambo inaweza kuwa Japani yote.

Tuingie sasa kwenye nyumba yenyewe.

Mlango wa nyumba ya Kijapani unafunguka kwenye genkan, kijisehemu cha chini ambapo viatu huachwa, kisha kuna ngazi moja ya kupanda sakafuni. Kuingia ndani kwao ni "kupanda": agaru. Mgeni akifika anaita kutoka mlangoni, "Gomen kudasai!", na mimi mara ya kwanza kusikia nilitaka kuitikia "Hodi!" ile kwa "Karibu!", maana ni hodi hasa, sauti ya mtu anayeomba nyumba imjue kabla macho hayajamuona. Mpeleka barua, jirani mwenye ujumbe, mchangishaji wa mtaa, wote wanamaliza shughuli zao hapo kwenye genkan na kuondoka bila kupanda, na hakuna aliyenyimwa heshima. Waliolelewa kwenye nyumba zenye baraza wanajua ninachosema. Unaweza kuzungumza na mtu kwenye baraza yake miaka ishirini, ukanywa kahawa yake, na ndani kwake usipajue. Mgeni akiambiwa apande, anavua viatu na kusema "Ojama shimasu": nakuja kuwasumbua.

Wa nyumbani hasemi hivyo. Anayetoka asubuhi anasema "Ittekimasu", naenda na nitakuja. Anayebaki anamjibu "Itterasshai", nenda urudi. Jioni akifika kwenye genkan anasema "Tadaima", yaani "sasa hivi", mkato wa sentensi ndefu: sasa hivi nimerudi. Kutoka ndani inajibu sauti: "Okaeri." Umerudi. Maneno hayo manne yanasemwa kila siku na wazee, watoto wa chekechea, na watu walionuniana tangu jana.

Kiswahili kina ukarimu katika neno karibu. Tunamwambia mgeni, tunamwambia wa nyumbani aliyetoka safari, tunamwambia mteja dukani. Kijapani kimegawa. Mgeni wa kutoka nje anapewa irasshai. Okaeri ni ya yule ambaye hapa ndipo anaporudi. Nilipanga chumba ghorofani kwa mama mmoja mzee. Mwenye nyumba kwa Kijapani ni ooya, na kwa herufi zake ni "nyumba kubwa". Miezi ya mwanzo nikimkuta ananisalimu kama jirani anavyosalimu, habari za jioni. Siku moja ya Februari nilirudi na theluji mabegani, yeye akiwa anafagia mlangoni, akasema bila hata kuinua uso: "Okaeri." Nilishindwa kujibu. Jibu nililijua tangu somo la kwanza, neno tadaima nilikwisha kuliandika daftarini mara hamsini, lakini sikuwa nimewahi kuwa na mtu wa kumwambia. Nikapanda chumbani nikakaa na koti langu. Kesho yake nilimuwahi mimi.

Nimewagusia upande mtamu. Ndani ya ie palikuwa pia na sheria nzito. Sheria ya Kiraia ya mwaka 1898 iliweka mkuu wa kaya, koshu, na urithi wa cheo hicho ulimwelekea mwana wa kwanza wa kiume. Koshu ndiye aliyeridhia ndoa za walio chini yake na alikuwa na kauli juu ya wapi waishi. Mfumo huo ulifutwa katika mageuzi ya 1947, baada ya vita, lakini daftari la familia, koseki, lingalipo, na mume na mke wa Kijapani hawana budi kuandikwa chini ya jina moja la ukoo. Sheria haisemi jina la nani. Takriban wanandoa 95 katika kila 100 huchukua la mume.

Lugha imehifadhi haya yote. Bibi harusi, yome, anaandikwa kwa herufi ya mwanamke kando ya nyumba. Mume wa kizamani akimtaja mkewe anasema kanai, "wa ndani ya nyumba", sawasawa na wanaume wa pwani wanaosema "watu wa nyumbani" kwa kuona haya kutaja jina la mke mbele ya watu. Vijana wengi siku hizi hawalipendi neno kanai, na mimi siwalaumu. Lakini tazameni hili: nyumba ya wazazi wake, ile aliyoiacha akaolewa, inaitwa jikka, na herufi zake zinasema "nyumba ya kweli". Siku hizi hata mwanaume asiyeoa anaiita nyumba ya wazazi wake jikka, ila zamani lilikuwa zaidi la mwanamke. Na mke wa Kijapani aliyechoshwa na ndoa ana kauli ambayo kila mtu nchini anaitambua: naomba ruhusa nirudi jikka. Sihitaji kuwaeleza uzito wake. Kwetu pia mke akifunga mzigo akasema "narudi kwetu", majirani hawaulizi kama ni matembezi.

Mmeliona neno "kurudi" likijirudia. Nimalizie nalo, maana bila hilo uchi haijakamilika. Kijapani kina modoru, kurudi mahali ulipokuwa: nimesahau ufunguo, narudi mezani. Na kina kaeru, kurudi pale unapohusika. Ni kaeru hii iliyomo ndani ya okaeri. Kwa herufi ya kaeru hiyo hiyo yanaandikwa maneno ya serikali ambayo sitayasahau.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vilipiga kaskazini mashariki ya Japani, na kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kikaharibika. Watu zaidi ya 160,000 wa mkoa wa Fukushima waliyahama makazi yao. Sehemu zenye mionzi mingi zilikuja kupewa jina rasmi: kikan konnan kuiki, eneo ambalo kurudi ni kugumu. Mji wa Futaba ulihamishwa wote, na wakazi wake hawakuruhusiwa kuishi tena humo hadi Agosti 2022, miaka 11 na zaidi, na hata hapo ni katika sehemu ndogo tu ya mji.

Mei 2011 wakazi walianza kuruhusiwa kwenda kuchukua vitu vyao. Walivaa nguo nyeupe za kujikinga, wakapewa kama saa mbili na mfuko mmoja wa plastiki. Safari zile zilikuwa na majina mawili. Magazeti yaliandika ichiji kitaku, kurudi nyumbani kwa muda, na kaeru imo humo. Karatasi za serikali ziliandika ichiji tachiiri, kuingia kwa muda, na hilo ni neno analoambiwa mtu anayeingia kwenye eneo asilohusika nalo. Mlango ni uleule na ufunguo ni uleule. Mwenye nyumba amesimama kwenye genkan yake, na katika karatasi aliyoshika mkononi ameandikwa kuwa anaingia.

Nimemaliza upande wangu. Naona mkono kule nyuma, karibu uulize.