Pima Kisima Kwanza, Pampu Nunua Mwisho

Hamjambo wazee, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, sogeeni mbele viti bado viko. Leo tunaongea juu ya pampu za kumwagilia bustani ya nyumbani, sukuma, nyanya, dodo yaani mchicha, bilinganya, hizi tunazokula na kuuza kidogo hapa Busia ya Uganda. Mimi ni fundi, kwa hivyo nitaongea vile mambo yanavyokuwa pale kisimani.

Malalamiko ninayosikia sana ni haya: fundi, nimenunua pampu mpya, mota inalia vizuri kabisa lakini maji hayatoki, nimeuziwa feki. Ni kweli feki ziko sokoni, upande huu wa mpaka na ule wa Kenya. Lakini mara nyingi nikifika nakuta pampu ni nzima, shida ni kisima kirefu kuliko uwezo wa pampu yoyote ya kunyonya iliyowekwa juu ya ardhi. Naomba mnisikilize vizuri hapo. Pampu ya juu haivuti maji kwa nguvu zake. Inachofanya ni kutoa hewa kwenye paipu, halafu hewa ya nje inayokandamiza maji kule kisimani ndiyo inayoyasukuma kupanda. Ukiwa baharini Mombasa hewa hiyo inaweza kuyapandisha mita 10 na kidogo, basi. Huku kwetu tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa imepungua uzito, kwa hiyo hesabu ya vitabuni inashuka mpaka kama mita 9, na ukitoa msuguano na viungo vya paipu unabaki na 6, ukibahatika 7. Mtu wa Kabale, kule milimani juu zaidi, apunguze tena. Ukiongeza hospawa, yaani nguvu ya mota, hata ishirini haitasaidia kitu, maji yakiwa mita 10 chini hiyo ni kazi ya pampu ya kuzama ndani ya maji, ile inayosukuma kutoka chini.

Sasa unapima lini? Watu wanapima mwezi wa tano kisima kimejaa, wanafurahi, halafu Februari maji yameshuka mita tatu na pampu imekuwa pambo. Pima Januari au Februari, kamba na jiwe vinatosha, funga fundo pale kamba inapoanza kulowa. Usiishie hapo, jua pia kisima kinarudisha maji kwa kasi gani: teka mpaka yashuke sana, halafu hesabu ndani ya saa moja yamerudi jerikeni ngapi.

Hii ya kurudisha maji watu wanaidharau na ndiyo inaua pampu. Chukua kisima cha kuchimba kwa mkono chenye upana wa mita 1.2 na maji ya mita 3, hapo una lita kama 3,400 tu. Jirani anakuja na pampu ya petroli ya inchi mbili, ile ya kutoa lita 500 kwa dakika, anaona ndiyo pampu ya kiume, ndani ya dakika saba kisima kimekauka, pampu inakunywa tope na hewa, sili, ile ya kuzuia maji yasivuje kwenye pampu, inaungua. Pampu kubwa kwa kisima kidogo ni hasara ya uhakika.

Haya, bustani inataka maji kiasi gani? Wakati wa jua kali shika lita 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Bustani ya mita 20 kwa 25 ni mita mraba 500, kwa hiyo lita 2,500, hizo ni jerikeni 125. Mama, hizo ndizo watoto wako wanabeba kichwani kila siku, na ndiyo sababu mimi hii kazi naipenda sana, ukifunga pampu vizuri mtoto anaenda shule mapema.

Tuje kwenye boksi la pampu. Kapampu ka nusu hospawa kameandikwa H max 40, Q max 40, na mtu anadhani atapandisha maji mita 40 huku akipata lita 40 kwa dakika. Hapana jamani! Hizo namba mbili hazikutani. Kwenye mita 40 maji ni sifuri, na lita 40 unazipata tu kama pampu haipandishi chochote. Ukiwa katikati, mita 20, tegemea kama lita 20. Kwa hiyo jumlisha yako: maji mita 5 chini, mdomo wa tanki mita 6 juu, hiyo 11, ongeza msuguano wa paipu tuseme 2, jumla 13. Hapo kapampu kale kale kanakupa kama lita 25 kwa dakika, lita zako 2,500 zinajaa kwa saa moja na dakika 40 hivi. Kanatosha! Na kisima kikiwa kivivu unapampu mara mbili, asubuhi na jioni.

Lakini usije ukabana pesa kwenye paipu. Lita 20 kwa dakika zikipita kwenye paipu ya nusu inchi mita 50, msuguano peke yake unakula karibu mita 14 za nguvu yako, kwenye paipu ya inchi moja haufiki hata mita 2. Na tanki la mita 4 juu linatosha dripu za nguvu ndogo, ila sprinkla nyingi zinataka kama mita 20, usizifunge kwenye tanki halafu ukalaumu fundi.

Kwenye kufunga, kazi yote iko upande wa kunyonya. Paipu iwe fupi, ngumu isiyojikunja, ipande tu kuelekea kwenye pampu bila kuweka kiwiko kinachopanda na kushuka tena maana hewa inajificha hapo. Nyinyi mnaokaa kwenye chungu cha malwa mnajua mrija ukipasuka kidogo tu unavuta hewa, pombe haiji, basi kiungo kimoja kisichofungwa tepu vizuri kinafanya hivyo hivyo. Futi valvu, ile ya mwisho wa paipu inayozuia maji yasirudi kisimani, ikae angalau nusu mita ndani ya maji na isiguse chini kwenye tope. Kabla ya kuwasha jaza maji kwenye pampu na paipu ya kunyonya mpaka yafurike. Weka swichi ya kuelea, ile inayozima pampu maji yakishuka, pampu isiwahi kuzunguka kavu. Juu ya pampu jenga kibanda. Na stima usichezee, weka erthi, ule waya wa kupeleka stima ardhini, weka breka ya kukata stima ikivuja, usitumie waya mwembamba wa taa, jioni volti zikishuka mota inaungua.

Sasa hili nalisema kwa uchungu. Kuna watu wanashusha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iwe karibu na maji. USIFANYE. Moshi wa injini una gesi isiyo na harufu, mtu anashuka kuiwasha anazimia, ndugu yake anashuka kumtoa naye anabaki huko. Mtu akianguka ndani usimfuate, zima injini kama unaifikia kutoka juu, piga kelele, mwiteni mwenye vifaa. Naomba kila mtu hapa akawaambie vijana wake leo leo.

Sola ni nzuri kwa kisima kirefu, haihitaji betri, unajaza tanki mchana. Wizara ya kilimo imekuwa na mpango wa umwagiliaji mdogo ambao serikali inachangia gharama na mkulima anachangia, muulizeni afisa kilimo kama bado unaendelea na kama wilaya yenu imo. Na kwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine au mto ukitaka kufunga pampu ya mota, kanuni za maji za Uganda za 1998 zinataka kibali, anza huko.

Kijana ameuliza kama anaweza kufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la maji ya mji. Hapana, utawanyonya majirani maji, na bomba likiwa na tundu mahali utavuta uchafu mnakunywa wote. Acha maji yaingie kwenye tanki lako la chini kwa nguvu yake, pampu ianzie hapo.