Kutoka Daku hadi Futari: Neva na Homoni katika Mwili wa Mtu Aliyefunga

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wengi wetu tulipokuwa sekondari tulikaririshwa jedwali la tofauti kati ya mfumo wa neva na mfumo wa homoni: huku taarifa hupita kwa umeme, kule hubebwa na damu, huku ni haraka, kule ni polepole. Jedwali hilo halisemi uongo, na mimi mwenyewe nimelifundisha, lakini humwachia mwanafunzi dhana kwamba mwilini mna ofisi mbili zisizosalimiana. Leo tumfuate mtu mmoja aliyefunga, tangu daku hadi futari, tuone kama mwili unautambua mpaka huo tuliouchora.

Tuanze na maji. Mtu huyu amekula daku saa kumi alfajiri na hatakunywa tena hadi magharibi, ilhali maji yanaendelea kumtoka kwa jasho, kwa pumzi na kwa mkojo. Kadiri maji yanavyopungua ndivyo chumvi ya damu inavyokolea, na ongezeko la asilimia 1 au 2 tu linatosha kuzishtua seli maalumu zilizomo katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo ndogo kama lozi. Hapo mtu huanza kuona kiu. Na wakati huohuo seli nyingine za neva, ambazo nyuzi zake ndefu zimeteremka hadi katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, humwaga ndani ya damu homoni iitwayo vasopresini. Figo huchuja takriban lita 180 za maji kila siku na kuyarudisha karibu yote. Vasopresini inapozifikia hufungua vijia vya maji katika mirija yake, hata kidogo kilichokuwa kipotee kikarudi, na ndiyo maana mkojo wa alasiri huwa mchache na wa manjano iliyokolea. Sasa niwaulize, je, iliyofanya kazi hapo ni neva au ni homoni? Seli ni ya neva, na umeme umepita ndani yake kama upitavyo katika neva yoyote, ila ncha yake haikuishia kwenye msuli wala kwenye neva nyingine, bali kwenye damu.

Upande wa sukari mambo ni ya hatari zaidi. Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, huwa na glukosi ya gramu 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai, na ubongo peke yake hutumia gramu 120 hivi kwa siku. Kijiko hicho, basi, lazima kijazwe bila kukoma. Sukari inapoanza kushuka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, na kuongeza glukagoni, inayoipandisha, na ini huvunja glaikojeni, yaani akiba yake ya sukari. Ikishuka zaidi, ubongo hupeleka amri kwa neva kupitia uti wa mgongo hadi kwenye tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa adrenalini: mikono hutetemeka, moyo huenda mbio. Neva nazo hutoa jasho jembamba. Kiini cha tezi hizo chatokana na chembe zilezile za kijusi zinazozaa neva. Mmarekani Walter Cannon, ambaye mwaka 1926 aliuita uwiano huu wa ndani ya mwili homeostasi, alizitazama neva za simpathetiki, zile zinazouandaa mwili kwa dharura, na tezi za adrenali kuwa mfumo mmoja.

Magharibi ikikaribia, harufu ya sambusa na tambi hufika puani. Hapo neva ya vagasi, iteremkayo kutoka ubongoni hadi tumboni, huiamsha kongosho, nayo hutoa insulini kidogo kabla hata tende haijaingia mdomoni.

Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini ndiye anayelipa pale ushirika huu unapovunjika. Insulini aliyojidunga haipungui hata sukari ikishuka. Na akiwa ameugua miaka mingi, au amezoea kushukiwa na sukari mara kwa mara, ile kengele ya adrenalini huchelewa au hailii kabisa. Dawa fulani za shinikizo la damu nazo huficha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho hubaki, kwa kuwa neva zinazoziamuru tezi za jasho hutumia kemikali nyingine, asetilikolini, si adrenalini. Mtu wa namna hii asitegemee hisia zake. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, apime mchana, na kipimo kikisoma chini ya milimoli 3.9 kwa lita, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi adhana isikike.