Mkono Usitoke Kwenye Throto: Ndege Ndogo Inapomshinda Rubani Ikipaa

Naanza na mguu wa kulia. Walionisikia huko nyuma wanajua, na nitaendelea kurudia maadamu ripoti za ajali bado zinasimulia kisa kile kile.

Injini moja, propela inazunguka kwenda kulia ukiitazama kutoka kiti cha rubani. Rubani anasukuma throto, yaani kidhibiti cha nguvu ya injini, mpaka mwisho, na pua inavutwa kushoto. Hakuna kilichoharibika. Upepo wa propela unaizunguka bodi na kuupiga mkia ubavuni, na nguvu ya injini nayo inaligandamiza gurudumu la kushoto. Dawa ni pedali ya kulia, inayoirudisha pua kulia, mapema, pua ikiwa bado imenyooka.

Sasa mtazameni aliyechelewa. Ndege imeshaacha mstari wa katikati, majani ya pembeni yanamjia. Anazungusha usukani wa mkononi kulia kama dereva wa gari, na usukani ule hauongozi magurudumu! Majani yanazidi kukaribia. Anavuta usukani ili apae.

Kitabu cha Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, kinataka pua iinuliwe kwenye kasi ya noti 55, yaani takriban kilomita 102 kwa saa. Yeye kaing'oa kabla ya hapo, na ndege imekubali. Imekubali kwa sababu ikiwa chini, kwenye kimo kisichofika hata urefu wa mabawa yake kutoka ncha hadi ncha, haikokotwi sana na hewa. Ikipanda kidogo, nafuu ile inakwisha. Kasi haitoshi, pua iko juu, bawa la kushoto linainama. Anakoleza usukani kulia. Kibawa kilicho nyuma ya bawa la kushoto kinashuka, kinaliongezea bawa lile pembe ya kukutana na hewa, na pembe yenyewe ilikuwa tayari imefika ukingoni. Bawa linaacha kubeba. Ndege inabiringika kushoto, na chini yake hakuna nafasi ya kuiokoa.

Mtaniuliza, sasa angefanyaje? Afunge throto, aingie majanini! Kuingia majanini magurudumu yakiwa chini na mabawa yamelala sawa kutakugharimu propela, labda na gurudumu la mbele. Vyuma hivyo vinanunuliwa. Nasikia mnasema ni rahisi kuongea ukiwa umesimama hapa. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka uamuzi utamkwe kwa sauti kabla ya kuachia breki: "Pua ikinishinda, nafunga." Na mkono ubaki kwenye throto. Nimechoka kuona watu wanaushika usukani kwa mikono miwili, eti ndiyo umakini. Mikono miwili inavuta tu.

Wengine hulaumu upepo wa ubavu. Upepo ukitoka kushoto unaizidisha shida, sikatai. Lakini soksi ya upepo, ile inayoonyesha upepo unakotoka, ilikuwa pale pale kabla hujawasha injini.

Muda unanibana, kwa hiyo haya yanayofuata nayapitia haraka. Injini ikizima umepaa kidogo tu, shusha pua kwanza, kisha tafuta pa kutua mbele yako. Ukigeuka kurudi kwa kuilaza ndege nyuzi 60 bila kupoteza kimo, kasi ambayo bawa linaacha kubeba inapanda kwa takriban asilimia 41. Kuhusu joto, mwinuko wa uwanja na uzito, jedwali lipo kitabuni. Lisomeni.

La mwisho siliruki. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Ohio, Marekani, Boeing Model 299 ilipaa kufuli za usukani, zile za kuuzuia ndege ikiwa imeegeshwa, zikiwa bado zimefungwa. Pua ilipanda mno, ndege ikaanguka, na marubani wawili wenye uzoefu mkubwa wakapoteza maisha. Ile ilikuwa ndege kubwa ya kijeshi, lakini kufuli haichagui ukubwa. Kwa hiyo kabla ya kuingia barabara ya kurukia, peleka usukani mpaka mwisho kila upande, na utazame nje kwa macho yako: ukizungusha kushoto, kibawa cha kushoto lazima kipande na cha kulia kishuke. Kisipotii, zima injini.

Maswali sasa. Tuanze na aliyeko nyuma.