Kucheza Bila Kujali Mbele ya Farasi

Watazamaji wangu wapendwa, mlioko nyumbani na mlioko kokote mnakoniona, hamjambo. Wale waliozoea kuniona nikizunguka mjini na kuwaonyesha majengo marefu leo wanivumilie, kwa sababu video hii yote nimeirekodi zizini, ninakofanya kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi. Jambo ninalotaka kulizungumzia ni lile ambalo wengi wenu mliliona kwa sekunde chache katika video iliyopita, mkacheka sana: mimi nikicheza dansi peke yangu kwenye ujia wa zizi, nimevaa buti za mpira hadi magotini, na farasi wamechomoza vichwa juu ya milango yao wakinitazama. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nacheza ugenini, hakuna anayenitunza, na hadhira yangu ni wanyama wasiojua kupiga makofi. Hata hivyo nataka kuwaeleza kwa nini kucheza kule si upuuzi wa mtu aliyechoshwa na kazi, bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Kazi yenyewe haina mapambo. Farasi wa kawaida wa kupanda ana uzito wa karibu kilo 500, lakini tumbo lake ni dogo ajabu kwa mwili huo, kwani huchukua lita 8 hadi 15 tu, na tindikali humiminika ndani yake usiku na mchana hata kama hakuna chakula. Ameumbwa kutafuna kidogo kidogo kwa muda mrefu, hata saa 16 kwa siku akiwa malishoni, na mate yanayotoka anapotafuna ndiyo yanayopunguza makali ya tindikali hiyo. Kwa hiyo saisi anayemwaga chakula kingi kwa mkupuo mmoja kisha akaenda zake anamtafutia mnyama vidonda vya tumbo. Zaidi ya hayo farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua. Ndiyo maana kabla jua halijachomoza mtanikuta nikigawa nyasi kavu na kuchungulia katika kila hori, kwa kuwa farasi aliyebakiza chakula chake cha usiku ni habari inayomfanya kila mtu zizini aache alichokuwa akikifanya.

Hufuata maji, lita 30 hadi 50 kwa kila farasi kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Kisha samadi, karibu kilo 20 kwa kila mmoja, kila siku ya Mungu, iwe sikukuu au siku ya kazi. Toroli, uma, reki, maranda mapya ya kulalia. Sitawaficha kwamba sehemu hii ndiyo inayokula muda kuliko zote, na mtu anayetamani kuishi na farasi kwa sababu ameona picha ya mpanda farasi ufukweni wakati wa magharibi angefanya vyema kuanza kwa kulitamani toroli. Lakini ni hapo hapo, kwenye kazi inayojirudia, ndipo mdundo unapoanza. Reki hukwangua mara mbili na kunyanyuka, gurudumu la toroli hulia kila linapozunguka, farasi wa chumba cha mwisho hugonga mlango kwa ukwato akidai zamu yake, na kabla hujajua umeanza kutikisa mabega. Siweki muziki kwa sauti kubwa, kwa kuwa farasi hushtuka upesi. Redio ndogo kwenye rafu ya hatamu inatosha, na siku nyingine hata redio haihitajiki.

Sasa nifike kwenye kiini. Farasi ni mnyama anayewindwa, na uhai wa mababu zake ulitegemea kusoma miili ya wengine upesi. Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa kiasi kwamba huona karibu nyuzi 350 kumzunguka, asione tu kipande kidogo mbele ya paji la uso na kingine nyuma ya mkia. Uwezo wake wa kusoma mwili wa mtu unazidi tunavyodhani. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwapo Berlin farasi aliyeitwa Hans, ambaye bwana wake, Wilhelm von Osten, aliamini kwamba anajua hesabu: aliulizwa swali, naye akagonga ardhi kwa ukwato hadi kufikia jibu, kisha akaacha. Mwaka 1904 jopo la wataalamu lilimchunguza na halikuona udanganyifu wowote. Mtafiti Oskar Pfungst ndiye aliyefumbua fumbo hilo, akachapisha matokeo yake mwaka 1907: Hans hakujua hesabu hata kidogo, bali aliona kichwa cha muulizaji kikisogea kwa kiasi kidogo mno pale idadi sahihi ilipofikiwa, nao waulizaji wenyewe hawakujua kwamba walikuwa wakisogea. Muulizaji asiyejua jibu alimfanya Hans akosee. Watu wengi husimulia kisa hiki kumcheka farasi. Mimi nadhani aliyepaswa kuchekwa ni binadamu, ambaye mwili wake ulikuwa ukitoa siri zake zote huku yeye akidhani ametulia tuli.

Kuna jaribio la karibuni zaidi linalonifurahisha kuliko hilo. Watafiti nchini Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwataka watu wamwongoze farasi kwa miguu au wampande kutoka alama moja hadi nyingine mara nne, na kabla ya mara ya nne wakawaambia kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla farasi atakapokuwa akipita. Mwavuli haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa hofu ya kitu ambacho hakikutokea, na mapigo ya moyo ya farasi, ambao hawakuambiwa lolote, yakapanda pamoja nao. Moyo wa farasi aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, polepole kuliko wetu, kwa hiyo anaposimama karibu nawe huku umebeba mashaka yako ya bili, ya kibali cha kuishi, ya simu ambayo hujaipiga, ni wewe unayemvuta akufuate kwenye mbio zako.

Mnaonielewa mtaona ninakoelekea. Sisi tunaoishi mbali tunajifunza kuubana mwili. Tunabana sauti ndani ya basi, tunabana mikono ofisini, tunatembea kama watu wanaoogopa kumwaga maji, na baada ya muda tunasahau kwamba tumejibana. Ukiingia kwa farasi ukiwa hivyo, huinua kichwa juu, masikio yake hukuelekea yakiwa magumu, na hukuzungukia mpaka ubaki unatazama mgongo wake. Ukimwambia kwa maneno kwamba uko sawa, hakuamini. Lakini nikishacheza dakika chache ujiani, nikizungusha kiuno bila kujali kama nimeukamata mpigo au nimeukosa, mabega hushuka yenyewe, pumzi hurudi tumboni, na ninapofungua mlango namkuta mnyama ambaye ameshusha shingo na kulegeza mdomo wa chini. Sisemi kwamba farasi anaipenda ngoma yangu. Nasema kwamba anaupenda mwili unaobaki baada ya ngoma kwisha.

Tahadhari moja kabla hamjaniiga: sichezi ndani ya chumba cha farasi, wala karibu na miguu yake ya nyuma, wala mbele ya farasi mgeni ambaye hajanizoea. Mnyama wa kilo 500 anayeshtuka hana muda wa kuangalia yuko nani nyuma yake.

Kucheza bila kujali, kama ninavyokuelewa, si kucheza vizuri, na wala si kucheza vibaya kwa makusudi ili watu wacheke. Ni kucheza pasipo mtu wa kumthibitishia chochote. Tulizaliwa nako. Mwaka 2010 Marcel Zentner na Tuomas Eerola walichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga wa kati ya miezi 5 na 24, wakaonyesha kwamba watoto hao hujitikisa zaidi wakisikia muziki na midundo kuliko wakisikia maneno ya kawaida, na kwamba kadiri mienendo yao ilivyolingana na mpigo ndivyo walivyotabasamu zaidi. Hakuna aliyewafundisha hatua. Utafiti mwingine, wa Bronwyn Tarr na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, uliochapishwa mwaka 2015 baada ya kufanywa na vijana nchini Brazili, ulionyesha kwamba watu wakicheza kwa pamoja na kwa hatua zinazolingana huvumilia maumivu zaidi na hujiona wako karibu zaidi na wenzao. Nami nimeona hilo kwa macho yangu jioni tunapofagia: mwenzangu mmoja, mtu mzima asiye na maneno mengi, ambaye lugha yake ya kwanza siifahamu wala yeye haifahamu yangu, huanza kupigisha ufagio sakafuni, nami humjibu kwa kisigino cha buti, na kwa muda wa wimbo mmoja tunakuwa ndugu wa mji mmoja.

Wengi mmeniuliza kama farasi nao hucheza dansi. Jibu langu lina pande mbili. Farasi ana midundo kamili mwilini mwake: akitembea kwato hugusa ardhi moja moja, mapigo manne, akienda telki huinua miguu miwili ya kingamo kwa pamoja, mapigo mawili, akikimbia mbio za wastani huwa mapigo matatu na kimya kifupi, na akienda shoti hurudi kwenye manne, upesi sana. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alimpiga farasi anayekimbia picha mfululizo, akathibitisha kwamba kuna wakati kwato zote nne huwa hewani, na kwamba wakati huo miguu huwa imekunjwa chini ya tumbo, si kunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Lakini katika mashindano ya farasi yanayofanywa kwa muziki, ambayo yaliingia kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ni muziki unaochaguliwa na kukatwa ulingane na hatua za farasi, wala si farasi anayeufuata muziki. Namheshimu sana farasi kama Valegro wa Uingereza, aliyepata asilimia 94.3 mjini London mwaka 2014 na kuweka rekodi ya dunia, ila mchezaji pale ni mpandaji aliyeusikia muziki, na farasi anamsikia mpandaji. Mgiriki Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba anachokifanya farasi kwa kulazimishwa hakina uzuri wowote, kama ambavyo mcheza ngoma hawezi kupendeza kwa kuchapwa mijeledi. Sijui kwa nini jambo lililojulikana siku hizo bado linahitaji kuelezwa leo.

Upande wa pili hauchekeshi. Mitandaoni kuna video nyingi za farasi wanaoyumba kushoto na kulia mlangoni mwa vyumba vyao, shingo ikienda na kurudi, na mtu ameweka muziki juu yake akiandika kwamba farasi anacheza. Mara nyingi hiyo si furaha. Ni tabia ya kujirudia inayowapata farasi wanaofungiwa muda mrefu, wasio na wenzao wala nafasi ya kutembea, na ukiondoa muziki kwenye video hiyo utaona mnyama anayefanya mwendo uleule kwa namna ileile hata pasipo sauti yoyote. Naomba msiisambaze kwa kicheko. Dawa yake ni wenzake, malisho na nyasi za kutafuna, na hapa zizini ndiyo sababu kila farasi hutoka nje kila siku, hata siku ambayo mimi ningependa kubaki ndani.

Na hapo, tunapowaachia malishoni, ndipo mtaona kucheza bila kujali kwa farasi. Hatamu ikishatoka kichwani, husimama kidogo kana kwamba hajaamini, kisha huondoka mbio, hurusha miguu ya nyuma hewani, hujamba kwa sauti bila haya, huzunguka uwanja akiwa ameinua mkia kama bendera, halafu hutafuta mahali penye vumbi au tope, hupiga magoti, hujilaza na kugaagaa upande huu na upande ule huku miguu yote minne ikipepea juu. Kazi yangu yote ya brashi ya asubuhi huishia pale. Akimaliza hujikung'uta kuanzia masikio hadi mkia, humwendea mwenzake, na wote wawili huanza kukunana kwa meno mahali shingo inapoungana na mgongo; watafiti waliochunguza farasi wa Camargue, Ufaransa, walionyesha mwaka 1993 kwamba kukunwa mahali hapo hushusha mapigo ya moyo. Nami hukuna hapo hapo kwa vidole ninapotaka kusema asante, na farasi mwenye adabu ndogo hugeuka na kujaribu kunikuna kwa meno yake, jambo ambalo koti langu limelipia.

Baada ya maneno haya nawawekea sehemu ya malishoni niliyoirekodi leo, bila muziki wowote, ili msikie kwato zenyewe. Mtazameni yule wa kijivu aliye karibu na uzio, na hasa miguu yake ya nyuma anapopita mbele ya kamera. Mimi pia nimo kwenye picha, kushoto, nikijaribu hatua zake, na naona wazi kwamba amenishinda.