Swali Kwanza, Hojaji Baadaye

Ndugu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, narudia nililolisema mara nyingi: swali kwanza, mbinu baadaye. Bado naletewa mapendekezo ya utafiti ambayo sura ya tatu, ile ya mbinu, imekwisha kuamua yote, hojaji, sampuli, hata programu ya kuchanganua data, ilhali swali lenyewe linaelea.

Chukueni mada inayopendwa: walimu wanatumiaje mbinu shirikishi? Mtafiti anagawa hojaji. "Huwa nawashirikisha wanafunzi katika somo." Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika. Mwalimu gani ataweka vema kwenye "sikubali"? Ameshahudhuria mafunzo, jibu linalotakiwa analijua. Tasnifu inajaa majedwali, na tulichopima ni kile walimu wanachojua wanapaswa kusema. Sasa nenda ukakae dawati la nyuma. Mwalimu anasema, "Jadilianeni kwenye vikundi." Kikundi kina watoto watano, kalamu anayo mmoja, wanne wanamtazama akiandika. Baada ya dakika chache: "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Somo linasonga. Data ya swali lako ndiyo hiyo. Mtasema mwalimu ataigiza akikuona. Ataigiza, siku ya kwanza. Rudi tena, na tena.

Najua pingamizi la pili: "Nikikaa kwenye madarasa sita tu, jopo la watahini litakubali?" Jitetee! Jedwali la ukubwa wa sampuli la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, mnalolinakili bila kulisoma, linatoa sampuli ya 278 kwa kundi la watu 1,000. Lilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria uwiano kwa sampuli nasibu, yaani iliyochaguliwa kwa bahati. Anayetaka kuelewa kwa nini wale wanne wamenyamaza halimhusu hata kidogo. Ukiuliza ni walimu wangapi, sawa, hesabu. Ukiuliza kama mafunzo yameinua alama za wanafunzi, tafuta na kundi la kulinganisha, maana alama hupanda kwa sababu nyingi. Ukiuliza vipi na kwa nini, shuhudia, kisha fanya usaili.

Muda unanibana. Mkabala mseto, yaani kuchanganya takwimu na usaili katika utafiti mmoja: kubandika usaili wa watu wanne mwishoni mwa hojaji hakutoshi. Nionyesheni ni jambo gani takwimu zilishindwa kulieleza, na usaili ukalifafanua.

Maadili yanastahili mhadhara wake. Kwa leo shikeni hili: mzazi akishatia saini, mtoto naye aulizwe kama anataka kushiriki, na akikataa aachwe. Karibuni kwa maswali.