Barua na Mgawo: Hofu Chini ya Hitler na Stalin

Ndugu zangu, tukitaja utawala wa kiimla wengi wetu huwaza polisi wa siri waliojaa kila kona. Jioni hii naomba tuanze na hesabu.

Würzburg, Ujerumani, 1937. Ofisi ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, ina maofisa 28 kwa eneo lenye watu zaidi ya 800,000. Ishirini na wanane! Faili zao zilinusurika vita, na ukizisoma unaona kazi ilivyokwenda: raia alikwenda kwa miguu yake, au akaandika barua, kumchongea jirani. Kesi za Wajerumani walioshukiwa kuwa na urafiki na Wayahudi, zaidi ya nusu zilianza hivyo. Mara nyingi chanzo kilikuwa ugomvi wa nyumbani tu. Na waliowindwa walijulikana: Wayahudi, wakomunisti, na jamii za Wasinti na Waroma, ambao wengi huwaita "Gypsy". Asiyekuwamo, akifunga mdomo, alilala usingizi wake. Usingizi huo ndio unaonitisha mimi kuliko buti za askari.

Sasa twende Urusi ya Kisovieti, mwaka uleule. Tarehe 30 Julai, Nikolai Yezhov, mkuu wa NKVD, polisi wa siri wa Stalin, anatia saini Amri namba 00447. Ukiisoma utadhani ni mpango wa mavuno, maana kila mkoa una mgawo wake. Mkoa wa Moscow: kundi la kwanza 5,000, kundi la pili 30,000. La kwanza ni risasi. La pili ni kambi ya wafungwa. Idadi imeshapangwa, wa kuijaza watatafutwa. Kamati ya watu watatu, troika, inahukumu bila mshtakiwa kuwapo, bila wakili. Na wakuu wa mikoa, jamani, waliandika Moscow kuomba waongezewe mgawo! Wakaongezewa. Katika 1937 na 1938 waliouawa kwa risasi nchini humo ni takriban 680,000.

Wachongezi walikuwako huko pia, tena wengi. Lakini kunyamaza hakukumwokoa mtu, wala kushangilia. Yezhov mwenyewe alipigwa risasi mwaka 1940. Hata mke wa aliyehukumiwa alifungwa kwa kosa la kuwa mke: Amri namba 00486 iliwapangia wake wa "wasaliti" miaka mitano hadi minane kambini.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi kulikuwa na kifurushi kidogo kimewekwa tayari karibu na mlango, nguo za ndani na soksi nzito, na watu wakalala wakisikiliza lifti itasimama ghorofa ya ngapi.