Tafuteni Bomu, Mwacheni Mama na Heshima Yake

Asanteni, kaeni kaeni. Wengine mmenisikia nikisema haya ya ukaguzi wa uwanja wa ndege mara kibao, mtanivumilia, bado hayajarekebishwa.

Mama yangu alikuwa anaenda India matibabu. Alikuwa amepasuliwa utumbo, anabeba ule mfuko wa tumboni wa kupokea choo. Tumefika kwa ukaguzi, uwanja sitautaja, mashine ikaonyesha kitu tumboni, na askari kijana akauliza kwa sauti, "Mama, hapo umebeba nini? Fungua tuone." Foleni yote ikageuka. Mama akainua blauzi, pale pale, mbele ya wanaume, watoto, kila mtu. Hakulalamika. Alijifunga leso juu ya tumbo na hakuitoa njia nzima, na chakula cha ndege akakirudisha kama kilivyo kwa sababu aliogopa mfuko ukijaa itabidi apite tena kwa watu wengine.

Mfuko ulifaa ukaguliwe, hapo sibishani na mtu. Lakini chumba kilikuwa hatua chache kutoka hapo na askari wa kike alikuwepo amesimama. Ingechukua dakika tano!

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, afadhali aibu kuliko kulipuka. Jameni, sisi ni watu wa Nairobi, nani atatufundisha ugaidi? Agosti 7, 1998 ubalozi wa Marekani ukilipuliwa tulikuwa hapa, jengo la maduka la Westgate likishambuliwa 2013 tulikuwa hapa. Ndio maana pale JKIA, uwanja wetu wa ndege, tumekuwa tukishushwa kwa gari tukaguliwe kabla hata ya kufika jengoni na tumetii. Hakuna anayesema msikague. Tunasema tafuteni kile kitu hatari, mtu mwenyewe msimuanike.

Na inawezekana. Marekani walikuwa na skana zinazoonyesha mwili kama uko uchi, watu wakapiga kelele mpaka Bunge likaingilia likadai programu ya kuficha mwili, ikashindikana kwa aina moja ya hizo mashine zikaondolewa 2013, na zilizobaki zinachora umbo moja la mtu, mimi na wewe tunafanana, halafu kijisanduku pale penye kitu. Ukaguzi unaendelea vizuri tu.

Halafu hii ya kukusanya habari za kila mtu. Krismasi ya 2009, kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege Amsterdam kwenda Detroit, kilipuzi kikiwa kwa chupi. Na babake mzazi, mwezi mmoja kabla, alikuwa ameenda mwenyewe ubalozi wa Marekani kule Abuja kuwaambia ana wasiwasi na mtoto wake! Jina liliingizwa kwa kompyuta, viza ikabaki, hakuna aliyeunganisha mambo. Waliomdaka ni abiria na wahudumu wa ndege. Sasa mtu akiniambia dawa ni kurundika data za kila nyanya anayeenda kuona wajukuu Dubai, namuuliza, zile mlizokuwa nazo mlizisoma?

Ukikata tiketi rekodi inabaki na jina, simu, malipo, nani mmesafiri naye, hata chakula ulichoagiza. Chakula! Ukiomba halali dini yako imejulikana, ukiomba cha mtu wa sukari ugonjwa wako umejulikana. Azimio 2396 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, 2017, linataka nchi ziweze kupokea hizo rekodi, sawa. Ulaya sheria yao ilisema zikae miaka 5, na 2022 mahakama yao ikakataa rekodi za kila abiria ziwekwe muda wote huo hata kama hashukiwi kwa lolote. Sisi tuna Katiba kifungu cha 31, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo tuulize bila kuogopa: zetu zinakaa wapi, nani anazifungua, zinafutwa lini?

Naona mwenyekiti ameshika saa. Haraka basi, bodingi pasi msiziposti, ile namba ya tiketi yenye herufi na tarakimu sita pamoja na jina lako la mwisho zinatosha mtu kufungua safari yako mtandaoni. Na ukiwa na mgonjwa, ongea na askari kabla ya mashine, sema tunaomba chumba na askari wa kike. Mama safari ya pili alisema mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Tukapewa chumba, dakika nne tumetoka, na kwa ndege alikula wali wake wote.